Ninja 250R iliyolala Nakuru, naifufulia Kisumu (uzi utaendelea)

Spana_Kumi (mwenye uzi)

Wadau, habari za majukumu. Nimeshusha mzigo kutoka Nakuru: Kawasaki Ninja 250R, toleo la kati ya 2008 na 2012. Injini ya cc 249, silinda mbili, inapozwa kwa maji, gia sita. Ina kabureta mbili za Keihin. Nataja kabureta mapema kwa sababu zilizouzwa Ulaya zilikuwa za injekta, na ukiagiza spea bila kusema yako ni ipi utaletewa kitu cha kupamba rafu. Spidomita yangu inasoma maili kwa tarakimu kubwa na kilomita kwa ndogo, kwa hivyo asili yake ni Marekani.

Hali niliyoikuta nayo: imekaa stoo miaka mingi, kuku wamelala juu yake. Mavi ya kuku na alumini havipatani, ukuta wa injini upande wa kushoto umeota unga mweupe. Tangi limeshika kutu. Breki ya nyuma imeshikana, gurudumu halizunguki. Plastiki za upande wa kulia zimepasuka na kufungwa kwa skrubu za mbao. Injini yenyewe haijaganda: nilitoa plagi, nikamimina oili kidogo kila silinda, nikaiacha ilale, kisha nikazungusha kwa spana taratibu. Inazunguka laini.

Bei haikufika hata ya Boxer mpya, na sababu ni hii: mwenyewe aliambiwa na fundi kwamba giaboksi imevunjika. Gia ya kwanza inaingia, ukipandisha inaishia nyutro, ya pili haipatikani hata ukanyage vipi. Kwa hukumu hiyo ikasukumwa stoo.

Kabla sijaendelea, kuna anayejua kwa nini nilicheka?

Upepo_wa_Ziwa

Omera, giaboksi ya Kawasaki? Hapo umenunua kilo za chuma chakavu. Peleka Kibuye wakupimie kwa mizani.

Bonde_la_Ufa

Kabla ya kucheka, logbook iko? Hizi za michezo nyingi ukiangalia namba ya chasisi ni hadithi nyingine.

Spana_Kumi

@Bonde_la_Ufa umeuliza la maana kuliko giaboksi. Niliangalia rekodi za NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi, nikalinganisha namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ya injini. Zote zinaoana, na pleti ni ya KM kama inavyotakiwa kwa pikipiki. Uhamisho wa umiliki anauanzisha muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Muuzaji akikwambia "lipa kwanza, hayo ya mtandaoni tutafanya baadaye", panda matatu urudi nyumbani.

@Upepo_wa_Ziwa giaboksi ni nzima kabisa. Kawasaki nyingi za barabarani zina utaratibu wa kumsaidia dereva kupata nyutro akisimama. Ndani ya gia moja kwenye shafti inayopeleka nguvu kwa cheni kuna gololi tatu za chuma. Shafti ikiwa imetulia, gololi inadondoka kwa uzito wake na kuizuia gia isivuke kwenda ya pili. Shafti ikizunguka, gololi zinarushwa nje na njia inafunguka. Kwa hivyo pikipiki ikiwa imesimama, kutoka ya kwanza ukiinua unapata nyutro, basi. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Tuliilegeza breki ya nyuma pale pale uani, tukainua gurudumu, mwenzangu akalizungusha kwa nguvu, nikapandisha: ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Fundi aliyesema imevunjika aliijaribu ikiwa imesimama kwenye stendi ya pembeni.

Malkia_wa_Lami

Na mzee ulimwambia, ama ulinyamaza ukalipa ya chuma chakavu?

Spana_Kumi

Alikuwa amesimama hapo hapo akiangalia gurudumu likizunguka. Akasema yeye anataka stoo yake, pikipiki ilikuwa ya kijana wake na kijana yuko ng'ambo. Bei ikabaki ile ile, nikamwongezea ya chai kwa sababu nina haya.

---

Spana_Kumi

Nimeanza kuivua nguo, na nimegundua kitu kitakachoongoza uzi huu wote. Pikipiki hii haikuharibika sana yenyewe. Ilirekebishwa mno. Kazi kubwa itakuwa kutengua ya waliotangulia. Tazameni nilivyokuta:

Kichujio cha hewa ni kipande cha godoro. Si utani, sponji ya godoro iliyokatwa kwa kisu, rangi ya waridi. Imezeeka na kumeguka, na makombo yake yameingia mpaka kwenye midomo ya kabureta.

Fyuzi kuu imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi kazi yake ni kufa ili waya zipone. Ukiifunga karatasi, zamu ya kufa inakuwa ya waya, na kweli chini ya kiti kuna waya mbili zimeyeyuka zikagandana.

Swichi ya stendi ya pembeni imekatwa na waya zake kusokotwa pamoja. Swichi hiyo inaizima injini ukiweka gia huku stendi iko chini. Inaonekana injini ilikuwa inazima, mtu akaona dawa ni kuinyamazisha. Lakini ukiondoka na stendi iko chini, kona ya kwanza ya kushoto inakulaza.

Rejeta ilijazwa maji ya bomba, labda ya kisima. Mnaojua maji ya Bonde la Ufa mnajua madini yaliyomo. Ndani kumeganda ukoko mweupe. Hapa inatakiwa dawa maalumu ya kupozea, na kama unachanganya, changanya na maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya kuwekea betri.

Silikoni nyekundu kila mahali palipotakiwa gasketi. Ile inayoonekana nje ni sura mbaya tu. Iliyofinywa kuingia ndani ndiyo hatari, kwa sababu inakatika vipande na kwenda kuziba njia za oili.

Jua_Kali_Kondele

Mkuu, usiwaseme sana mafundi. Mteja analeta pikipiki na mia tano mfukoni anataka iwake leo. Kichujio halisi hakuna mjini, kuagiza ni wiki. Ungekuwa wewe?

Spana_Kumi

Kaka, nimekubali kuhusu kichujio. Godoro ni njaa, si ujinga. Lakini karatasi ya sigara kwenye fyuzi sikubali, fyuzi ni bei ya chapati. Na ile niliyoikuta pia, ya kufunga kinyume klipu ya kiungo cha cheni: upande uliofungwa unatakiwa kutazama mbele, kule cheni inakoelekea. Hiyo haina gharama yoyote, ni kuangalia tu.

---

Spana_Kumi

Tangi. Hapa nitakaa kidogo maana wengi mmeniandikia inboksi.

Watu hutia mawe au cheni ndani na kutikisa. Inatoa kutu ya juu, inaacha ya pembeni, na inaweza kutoboa palipokonda. Mimi nimetumia umeme na magadi. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia maharagwe na mboga za kienyeji, sokoni unapimiwa kwa kijiko.

Toa koki ya mafuta na geji ya chini, ziba matundu. Jaza tangi maji uliyoyeyusha magadi. Chukua kipande cha nondo, kivike mpira au plastiki pale kitakapopita kwenye mdomo wa tangi, kining'inize katikati kisiguse ukuta hata kidogo. Kikigusa ni shoti. Chaja ya betri: hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, unakula tangi badala ya kutu. Washa.

Ndani ya muda mfupi utaona vipovu vidogo vinapanda na povu la kahawia linajikusanya mdomoni, linanuka chuma. Kila baada ya saa kadhaa toa nondo, ikwangue, maana inavaa koti la matope meusi na mkondo unapungua. Mwishoni maji yanakuwa kama supu ya matumbo iliyosahaulika. Mwaga, suuza mara nyingi, kausha haraka kwa hewa ya moto, kisha zungusha oili kidogo ndani. Usipokausha hapo hapo, kwa unyevu huu wa ziwani kutu mpya inaanza siku hiyo hiyo.

Mambo mawili ya usalama. Vipovu hivyo ni hidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hivyo fanya nje, mbali na jiko na sigara, na zima chaja kabla ya kuchomoa klipu. La pili, usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo. Kina kromiamu, na kromiamu hiyo inaingia kwenye maji ikiwa sumu. Na tangi lililokuwa na petroli lioshe kwa sabuni mpaka harufu iishe kabla hujalisogezea umeme.

Bonde_la_Ufa

Siki haifanyi?

Spana_Kumi

Inafanya, kwa kutu nyepesi. Lakini baada yake lazima usuuze kwa magadi au soda ya kuokea kuua asidi, la sivyo inaendelea kula. Yangu ilikuwa na magamba, siki ingekunywa muda tu.

---

Spana_Kumi

Kabureta. Petroli iliyolala imegeuka gundi ya rangi ya asali, na juu yake makombo ya godoro.

Jeti ya mwendo wa chini, kile kipande kinachopima mafuta, ina tundu dogo ambalo jicho haliamini. Unaiinua kuelekea jua: ukiona nukta ya mwanga duara safi, ni nzima. Ukiona nusu mwezi, bado ina uchafu. Yangu ya kushoto haikuonyesha kitu, giza tupu. Niliiloweka kwenye dawa, nikapitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa spika, nikapuliza kwa kompresa, nikarudia. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Ukilipanua tundu hata kidogo, umeshabadilisha kipimo cha mafuta na hutajua kwa nini inakunywa.

Kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa mwendo wa chini, na kwa zile za Marekani kiwandani iliwekewa kifuniko juu. Ukikitoa, kwanza kaza skrubu taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko. Andika. Kila kabureta na hesabu yake. Kisha ndiyo uitoe.

Zile diaframu nyeusi za mpira juu ya kabureta, zitoe kabla ya kupuliza dawa yoyote. Dawa ikizigusa zinavimba na kukataa kurudi kwenye mfereji wake. Zinyooshe kwenye mwanga uangalie kama kuna tundu. Zangu, mungu ni mwema, ni nzima zote mbili.

Kilima_cha_Eldoret

Swali. Huku kwetu tuko kama mita 2,100. Rafiki yangu ana ya kabureta, inatoa moshi mweusi na plagi zinakuwa nyeusi. Kisumu mko chini, itakuwaje ukija nayo huku?

Spana_Kumi

Kisumu tuko kama mita 1,130, Nakuru ni kama 1,850. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, mafuta yanabaki yale yale, kwa hivyo mchanganyiko unazidi utajiri, yaani mafuta mengi kuliko hewa. Kabureta za aina hii, zenye diaframu, zinajirekebisha kiasi, ndiyo maana yangu haitagoma nikija Eldoret, itapoteza nguvu kidogo tu. Moshi mweusi wa wazi si mwinuko peke yake. Mwambie aangalie kichujio cha hewa kwanza, halafu kama choki inarudi mpaka mwisho, halafu kimo cha floti. Asikimbilie kununua jeti.

---

Spana_Kumi

Breki. Disiki ya mbele ni milimita 290, ya nyuma 220, zote zina unene bado. Kalipa ya nyuma ndiyo iliyokuwa imeganda.

Siri ya kutoa pistoni iliyoshikana: usifungue bomba la breki kwanza. Toa kalipa kwenye disiki, toa padi, halafu kanyaga pedali. Presha ya mafuta ya breki yenyewe itaisukuma pistoni nje. Nimeona watu wakipuliza kwa kompresa na vidole viko mbele. Pistoni inatoka kama risasi.

Ndani nilikuta mafuta yamekuwa rangi ya chai ya rangi, na chini mchanga wa kutu. Mafuta ya DOT 4 yanavuta unyevu kutoka hewani hata yakiwa yamefungwa, na yakishika maji yanachemka mapema. Kwenye mteremko pedali inazama bila kushika. Sili nimebadilisha zote. Pistoni zimesuguliwa kwa msasa laini sana wa maji. Na tafadhali, mafuta ya injini au ya haidroliki yasiingie kwenye breki hata tone. Mipira ya ndani inavimba. DOT 4 nayo ukiimwagia kwenye rangi inaichuna, kwa hivyo weka ndoo ya maji karibu.

Foki za mbele, milimita 37, sili zilikuwa zinavuja, nimebadilisha na kutia oili mpya. Beringi za shingo nimesafisha na kupaka grisi. Hakuna hadithi hapo.

Jua_Kali_Kondele

Tairi je? Nina 3.00-17 mpya kabisa, rimu yako ni 17, nakuachia bei ya kirafiki.

Spana_Kumi

Asante kaka lakini hapana. Rimu ni 17 kweli, ila yangu inataka 110/70-17 mbele na 130/70-17 nyuma, bila tyubu. Ya boda ni nyembamba na haikuundiwa mwendo wa mashine hii. Zilizokuwamo zilikuwa na kashata nzuri, mtu angesema mpya. Soma zile tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisomeka mwaka wa 09. Ukibonyeza kwa ukucha, ni kama ubao. Nimeagiza Nairobi, Kirinyaga Road, zimekuja kwa parseli ya matatu pamoja na cheni ya saizi 520 na sproketi, meno 14 mbele na 45 nyuma.

Malkia_wa_Lami

Oili umeweka gani? Mume wangu aliweka ya gari kwa yake, klachi ikaanza kuteleza.

Spana_Kumi

10W-40 yenye alama ya JASO MA kwenye mkebe. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Mwambie aimwage, aweke sahihi, aendeshe kwa muda kisha abadilishe tena. Mara nyingi klachi inarudi bila kununua sahani mpya.

---

Spana_Kumi

Imewaka. Plagi mpya za NGK CR8E, waya zilizoungua nimezikata na kuunga kwa risasi na kuzivika mpira, swichi ya stendi imerudishwa kazini. Betri mpya. Kabla ya kufunga plastiki nilipima chaji: injini ikiwa kwenye mizunguko ya kati nilipata volti 14.2. Ikizidi 15, regyuleta imekufa na itachemsha betri. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji.

Kwa mwendo wa chini ilikuwa inatetemeka, silinda moja ikivuta kuliko nyingine. Nikasawazisha kabureta kwa kipande cha mpira wa uwazi wenye oili ndani, kila mwisho kwenye tundu la mvuto la kabureta yake. Oili inakimbilia upande unaovuta zaidi. Unageuza skrubu ya katikati kidogo kidogo mpaka itulie. Mpira uwe mrefu na uupandishe juu, la sivyo injini inaimeza oili yote.

Nimeitoa Mamboleo, nikapanda Riat, mpaka Kiboswa na kurudi. Kupanda kilima ndipo utajua silinda mbili ndogo zinataka nini: chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika imelala, juu ya 8,000 inaamka, na mstari mwekundu uko 13,000. Wanaozoea Boxer wataibadilisha gia mapema mno na kusema haina nguvu. Foleni ya Kondele feni ilijiwasha na kujizima yenyewe, kwa hivyo rejeta inapumua.

Upepo_wa_Ziwa

Nimefuta maneno yangu ya mizani. Sasa rangi lini? Ile kijani ya Kawasaki na vibandiko.

Spana_Kumi

Rangi mwisho kabisa. Nimeona pikipiki nyingi mjini hapa zimepakwa rangi ya kung'aa na mafuta ya breki hayajabadilishwa tangu zishuke melini. Kwanza napima valvu injini ikiwa baridi. Toleo hili halina skrubu za kurekebishia kama la zamani, lina visahani vidogo vya chuma vya unene tofauti chini ya vikombe, na kubadilisha ni lazima utoe kamshafti. Halafu plastiki. Ni ABS, kwa hivyo nitayeyusha vipande vya ABS kwenye asetoni mpaka viwe uji, niupake kwa nyuma ya ufa kwa tabaka. Faibaglasi haishiki vizuri kwenye plastiki hii, inabanduka na mtikisiko.

Kilima_cha_Eldoret

Visahani vya valvu utapata wapi?

Spana_Kumi

Napima kwanza, najua ninavyohitaji, ndiyo niagize. Na mara nyingine vilivyomo vinatosha, unavihamisha tu kutoka valvu moja kwenda nyingine.

Kwa sasa ninachotafuta ni kioo cha upande wa kulia na zile bolti fupi zenye kola za kufungia plastiki. Mwenye nazo kati ya Busia na Naivasha aniandikie, na aweke picha ya uzi wa bolti, si ya kichwa.